Sentimita Sitini na Mbili za Bi Utepe

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, mtaani wanamwita Bi Utepe. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi utamwona na gurudumu la plastiki begani, limezungushiwa utepe wa mita mia, anakwenda kuchungulia visima vya watu. Anaushusha utepe ndani ya bomba. Ncha ikigusa maji inalia pii, naye anaandika: maji yako mita kadhaa kutoka mdomo wa bomba. Basi. Miaka kumi na moja sasa, visima ishirini na tatu, pii, andika, funga daftari. Wapita njia humuuliza kama kuna kitu amedondosha huko chini.

Kazi hiyo ameirithi kwangu, na asiyekubali aje tubishane. Nusu ya visima hivyo nimechimba mimi, na shule yangu iliishia darasa la sita, tena hilo la sita nilikuwa nimekaa karibu na dirisha.

Mpwa wangu alitaka kitu kimoja tu: kozi. Kuna chuo cha utafiti wa maji ya ardhini ambacho huchukua watu wa idara yao ya maji kwa miezi minane. Ukirudi huitwi tena msaidizi, unaitwa mtaalamu, na unaruhusiwa kusema maji yanakwenda wapi, si kuandika tu yako wapi. Nafasi ni moja kila mwaka. Mwaka mmoja alikwenda katibu muhtasi wa mkuu wao. Mwaka uliofuata barua ya mwaliko ilikaa chini ya birika la mkuu mpaka tarehe ikapita. Ilipotolewa ilikuwa na duara la chai katikati. Mwaka mwingine akaenda dereva, akarudi na cheti, na mpaka leo anaendesha gari.

Mwaka huu chuo nacho kikachoka. Kikasema anayetaka kuja alete vipimo vya kisima kimoja vya miaka kumi, aeleze anachokiona. Nani mwingine idara nzima ana vipimo vya miaka kumi? Mpwa wangu akaanza kutembea kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo.

Jumapili mchana nikamkuta kwa dada yangu, amemwaga madaftari meza nzima.

"Mjomba, njoo uone." Akanionyesha mchoro. Mstari ulikuwa unakwenda vizuri, halafu ghafla ukaporomoka, ukaendelea huko huko chini. "Miaka sita iliyopita maji yalishuka sentimita sitini na mbili kwa mwezi mmoja. Nilikuwa likizo ya uzazi, dereva ndiye aliyenipimia. Na mwaka huo huo kiwanda cha matofali kiliweka pampu kubwa ya kuvuta maji."

"Basi ni kiwanda. Washenzi wakubwa!"

"Ndivyo nilivyoandika. Kurasa tisa."

"Kisima chenyewe kipi?"

"Cha nyuma ya zahanati."

Chai ikanipalia.

"Hicho nilikitengeneza mimi," nikasema. "Bure kabisa, wala hakuna aliyenishukuru. Mvua ikinyesha maji machafu yalikuwa yanaingia mdomoni mwa bomba. Nikaunganisha kipande juu, nikainua na jukwaa la zege kulizunguka. Ukisimama pale huwezi kujua kama bomba limerefuka. Kazi safi!"

Mpwa wangu akaweka kalamu chini polepole.

"Kipande cha urefu gani?"

"Cha kutosha."

"Mjomba!"

Dada yangu akatoa kichwa jikoni. "Umeharibu nini tena wewe?"

Tukaenda zahanati, mimi na patasi, yeye na utepe. Kuvunja zege la mkono wako mwenyewe ni kazi inayouma, hasa zege likiwa zuri. Pembeni nilikuwa nimeandika kwa msumari: FUNDI BINGWA, na mwezi, na mwaka. Akausoma ule mwezi mara mbili. Nilipofikia kiungo, akapima kutoka hapo mpaka mdomoni. Sitini na mbili, haikuzidi wala kupungua.

"Maji hayajashuka hata kidole," akasema. "Kilichopanda ni bomba lako."

"Si ni habari njema?"

"Kwa maji, ndiyo. Mimi nimebaki na mstari ulionyooka kama kamba ya kuanikia nguo."

Nikamwambia aache kama ilivyo. Maombi yalikuwa yanafungwa Jumatano, na nani angekuja kugonga zege langu? Alinigeukia kwa hasira ambayo hata dada yangu hajawahi kunionyesha.

"Kiwanda kifungiwe pampu kwa sababu mjomba wangu hajui kutulia? Na usifikiri nimekukasirikia wewe peke yako. Kila nikipima, nilipaswa kupima na mdomo wa bomba uko juu kiasi gani kutoka ardhini. Miaka sita sijafanya! Nani alinifundisha? Walinipa utepe, wakaniambia ukisikia pii andika. Ndiyo maana nataka hiyo kozi!"

Kurasa tisa akazitupa. Akaandika mbili: kosa lilitokea wapi, alilijuaje, na msaidizi mwingine afanye nini lisimpate. Akabandika na picha ya zege langu.

Jibu likaja baada ya wiki tano. Wamefurahishwa mno na kazi yake, tena wameomba ruhusa ya kuitumia. Ila mwombaji lazima awe na stashahada, naye ana cheti tu. Sharti hilo tangazo halikulitaja. Nafasi ikachukuliwa na mtunza stoo, mwenye stashahada ya mapokezi ya hoteli; vipimo vya miaka kumi hakuna aliyemuuliza. Mpwa wangu aliikunja ile barua mara nyingi mpaka ikagoma kukunjika.

Jumatatu iliyopita nilikuwa naye kwenye kile kisima cha zahanati. Siku hizi naruhusiwa kushika gurudumu, kugusa bomba marufuku. Simu ikalia. Mtunza stoo, kutoka chuoni. Sauti yake ilisikika mpaka kwangu.

"Dada, nisaidie. Zoezi la ukurasa wa kumi na nne. Kisima kimeshuka sitini na mbili ghafla. Mimi nimejibu kiwanda, mwalimu amecheka. Kuna na picha ya zege limeandikwa Fundi Bingwa, sijui ndiyo nini."

Nikafungua mdomo. Mpwa wangu akaninyooshea kidole, nikaufunga.

"Jina la aliyepima limeandikwa wapi?" akauliza.

"Hamna jina."

"Angalia vizuri."

"Hamna, dada. Zoezi tu."

Akaitazama pembe ya zege niliyoivunja.

"Chukua kalamu," akasema. "Andika jina langu juu ya huo ukurasa, majina yote matatu. Halafu simama mbele ya darasa ulisome kwa sauti. Ukimaliza nipigie, nitakupa jibu."

"Dada, mbele ya watu wote?"

Akakata simu. Akapima mdomo wa bomba kutoka chini kwanza, akaandika. Kisha akashusha utepe.

"Mjomba, acha kutabasamu. Shika gurudumu."

Pii. Akaandika. Mpaka tunafika kisima cha mwisho, simu ilikuwa haijalia tena.