Doa la Wino Kwenye Kochi la Mama

Kochi lile nililinunua mimi. Naanza na hilo kwa sababu nyumbani kwetu Mtanda, pale Lindi mjini, watu wana tabia ya kusahau kitu kimetoka wapi mara tu kikishavuka mlango. Mzungu mmoja pale Kilwa Masoko alikuwa anafunga hoteli yake na kuuza vitu, nikamganda mpaka akanitajia bei ya binadamu, nikalipandisha kwenye lori la simenti lililokuwa linarudi Lindi tupu. Ngozi ya kweli, rangi ya asali, si ile ya plastiki inayokubandika mapaja wakati wa joto. Mama alipolikalia mara ya kwanza alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga. "Sasa mimi ndiyo nani?" akauliza. Tangu siku ile likawa lake, pale karibu na dirisha, na mgeni akilikalia anaonyeshwa mkeka kwa heshima zote.

Mwaka jana nilitoka Kilwa Masoko, ninakokaa, kwenda Rondo kuangalia mikorosho yangu. Yangu, nasema. Shamba aliliacha baba, lakini upande wa bondeni ulikuwa vichaka vitupu. Mimi ndiye niliyevifyeka, mimi ndiye niliyeotesha miche kwa mikono hii, na kwetu mti ni wa aliyeuotesha, hilo hata mtoto analijua. Nilikuwa nimechoka na nyumba yangu ya wageni, nimechoka kufua mashuka ya watu. Mikorosho ilikuwa ndiyo imeanza kuzaa. Nilitaka nijenge kibanda pale bondeni, nizeekee kwangu. Nikapitia kwanza Mtanda kumjulia hali mama, anayekaa na mdogo wangu wa kiume na mke wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Nikainama kubusu mkono wake, kama nilivyofundishwa tangu sijajua kusema. Mkono haukuja. Ulibaki ndani ya kanga. Akasema ametoka kupara samaki, ananuka shombo. Nikamwambia, shombo gani tena, mimi mtu wa Kilwa? Akacheka kidogo, akageukia dirisha. Nikaona basi, mtu mzima ana siku zake.

Ndipo nikaliona doa. Lilikuwa kwenye mkono wa kochi, sehemu ya mbele, la zambarau, limeburutwa kidogo kuelekea chini. Pembeni yake ngozi imepauka na ina unga mweupe.

"Mtume! Nani kalifanya hivi?"

"Kalamu ya mume wangu ilivuja, wifi," akasema mke wa mdogo wangu kutoka jikoni. "Nimejaribu ndimu na chumvi, halikutoka. Nikajaribu dawa ya meno."

"Ungetia na pilipili kabisa tulile."

Akacheka. Mimi na yeye ni watu wa kutaniana hivyo. Akatoka na chupa ya dawa ya kufulia nguo nyeupe, nikamnyang'anya kabla hajafungua kifuniko. Ile ingekula rangi yote, tukabaki na kochi lenye ukurutu. Nikampa pesa, akaniletea spiriti na pamba kutoka duka la dawa. Mama nikamwomba akae kwenye mkeka. Akakaa, mkono bado umo ndani ya kanga.

Mimi na wino tunajuana. Wageni wangu hulala na kalamu mifukoni, wakaniachia mashuka kama ramani. Kwenye ngozi ni kazi nyingine. Kwanza nilijaribu spiriti kwa nyuma, mahali pasipoonekana, nione kama rangi inakimbia. Haikukimbia. Nikalowesha pamba kidogo tu, nikaanza kugusa, si kusugua. Ngozi ukiisugua kwa hasira inakuchubukia mkononi. Unagusa, unanyanyua, unageuza pamba upande safi, unagusa tena, kutoka ukingoni kuja katikati ili doa lisitambae. Halafu kitambaa chenye povu la sabuni, halafu kikavu, na mwisho unapaka mafuta mepesi ngozi isikakamae.

Nikashangaa. Wino wa kalamu nikiugusa kwa spiriti huwa unaachia upesi, bluu, pamba moja mbili kwisha habari. Huu ulikuja zambarau iliyokolea, mzito, na kila nikigeuza pamba bado upo. Wino huo naujua vizuri. Pale kwangu nina mhuri wa kugongea risiti, na ile pedi yake ikikushika kidole unakwenda nayo mpaka msikitini.

"Wifi, mumeo anaandika na kalamu gani yenye wino wa mhuri?"

Akasema wali unaungua. Wala sikusikia harufu ya kuungua.

Nikaliangalia tena doa. Juu lilikuwa la duara refu, na chini ndipo lilipoburutika. Na mahali pale napajua. Mama miguu inamsumbua. Akitaka kuinuka hushika mkono wa kochi pale pale mbele, akajisukuma, huku anamtaja Mungu. Nikaweka dole gumba langu juu ya doa. Likakaa sawasawa.

"Mama, nipe mkono."

"Nimekwambia nanuka samaki."

"Nipe hivyo hivyo."

Akautoa taratibu. Dole gumba lilikuwa limeiva zambarau, na kwenye pembe za kucha wino umeganda. Amelisugua mpaka ngozi imechubuka. Mama hajui kusoma, na mzee asiyejua kusoma hapakwi wino kidoleni bure.

"Yule bwana aliyeleta karatasi alitaka mkono wa kushoto," akasema, kwa majivuno kidogo. "Nikamwambia, baba, mtu mzima hatoi jambo lake kwa mkono wa kushoto. Nikampa wa kulia."

"Jambo gani, mama?"

Akakunja ncha ya kanga. "Shamba."

"La Rondo?"

"Tuna lingine?"

"Na bondeni kwangu?"

"Mnunuzi hakutaka nusu."

Nilikuwa bado nimeshika pamba. Nikamuuliza kama walimdanganya. Nilitaka aseme ndiyo. Wallahi nilikuwa namwomba kwa macho aseme alifikiri ni karatasi ya hospitali, aseme walimharakisha, aseme chochote nipate mtu wa kumpigia kelele.

"Sikudanganywa," akasema. "Nilisomewa neno kwa neno. Mdogo wako anataka kufungua duka. Wewe una Masoko yako, yeye ana nini?"

"Mbona hukunipigia simu?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

"Sasa je?" akasema, akanitazama kana kwamba nimemalizia kesi yake.

Niliumia. Sina namna ya kulipamba hilo. Mdogo wangu ningemtukana, tukanuniana mpaka Idi, yakaisha. Wifi ningemwambia maneno ya kike, akanijibu, tukacheka siku moja mbele ya safari. Lakini mama alikuja Rondo akanishikia maji ya kunywa nilipokuwa nachimba mashimo yale. Yeye ndiye aliyenichagulia mbegu. Alijua kila mche umekaa wapi, na akaketi kwenye kochi langu, kwenye ngozi niliyomletea ili mgongo wake upumzike, akaiuza miti yangu, kisha akaniambia ananuka samaki.

Mdogo wangu akaingia. Akaiona chupa, akauona mkono wa mama uko nje ya kanga. Akasimama mlangoni, viatu hajavua.

"Shikamoo, dada."

Sikumjibu. Katika maisha yangu sijawahi kumnyima mtu marahaba. Akangoja, kisha akapita kimya kwenda uani, na nikasikia mke wake anamnong'oneza. Nilirudisha kifuniko kwenye chupa. Nusu ya doa ilikuwa imetoka, nusu ipo.

"Malizia basi, mwanangu," mama akasema. "Wageni wataona."

"Wageni gani?"

"Watu wanakuja kumpongeza mdogo wako."

Nikaiweka chupa na pamba juu ya meza, nikaenda kufunga mkoba wangu.

Asubuhi nikaaga. Sikuwa tena na la kwenda kufanya Rondo, nilikuwa narudi Masoko. Mama alikuwa ameshaketi mahali pake. Doa lilikuwa vile vile nilivyoliacha, nusu, na hakuna aliyeligusa. Chupa yangu ya spiriti ilikuwa tupu, na pamba za zambarau zimejaa kwenye kisahani pembeni yake. Akautoa mkono kwenye kanga, akaninyooshea niubusu kama siku zote. Dole gumba lilikuwa jeupe, limetakata mpaka kwenye kucha.

Nikaushika. Nikautazama sana, ule mkono uliokuwa ukinipitishia kata ya maji kule bondeni. Kisha nikaurudisha ndani ya kanga yake, nikaufunika vizuri, nikatoka.