Mwambie Koko Kidonda Kiachwe

Binti yetu alipozaliwa, mama mkwe wangu alishuka Bukavu kutoka kijijini, upande wa Lwiro, na tangu asubuhi ya kwanza beseni la kumwogeshea mtoto likawa lake.

Kwetu mama mkwe hapingwi. Sikumtazama usoni, wala sikuwahi kumwambia hapana. Nikiwa na neno, nililipitisha kwa mtoto. "Mutoto, ambia koko maji iko moto sana," nilisema huku nikitazama dirishani, naye koko, bibi yake, aliongeza maji baridi bila kunijibu. Hivyo tulielewana.

Kisha mkono wa kushoto wa mtoto, pale alipochomwa chanjo ya kifua kikuu alipozaliwa, ukaota kipele. Kilikuwa kama punje ya mtama, kikakua, kikaiva, kikaanza kutoa usaha. Na juma hilohilo tulitakiwa kumrudisha kwa chanjo za wiki sita. Mke wangu alikuwa akifunua mkono ule, anautazama, anaufunika, kisha anaufunua tena.

"Kidonda ya kwanza haijapona, banataka kuongeza ingine?" alisema koko. "Nitaikamua na kitambaa ya moto. Ikipona ndio tutaona mambo ya sindano."

Mke wangu akanigeukia. Swali la koko lilikuwa langu pia, ila sikuthubutu kulitamka. Nikampakata mtoto.

"Mutoto, ambia koko twende kwanza tuulize. Kitambaa ingoje."

Nje mvua ilikuwa ikiteremka mlimani.

"Mutoto," koko akasema hatimaye, "ambia baba yako nitauliza mimi mwenyewe."

Katika kituo cha afya akina mama walikuwa wakiimba na kupiga makofi, watoto wakining'inizwa kwenye mizani mmoja baada ya mwingine. Mwanamume nilikuwa peke yangu.

"Papa, ni weye unanyonyesha?" mmoja akaniuliza.

"Muache, anasindikiza mama mukwe," jirani yake akajibu. "Angalia, hata shingo haigeuke!"

Benchi zima likacheka. Koko naye alijificha nyuma ya kitenge chake, mabega yakimtikisika.

Zamu yetu ilipofika alikaa yeye, mtoto mapajani, akafunua mkono. "Hii ni dawa ao ni ugonjwa mulimupa?"

Muuguzi akainama, akatazama bila haraka. "Ni chanjo inafanya kazi, koko. Kwa batoto wengi inavimba, inapasuka, inakauka, inabakisha alama. Musikamue, musipake kitu, kitambaa ya moto hapana. Maji safi tu, na ikauke. Ikivimba sana, ao kukiwa uvimbe mu kwapa, mumulete."

"Na za leo? Sindano mingi kwa mutoto muchanga hivi?"

"Mwili yake inaweza. Na kifaduro haingoje mutoto akomae."

"Homa je?"

"Inaweza kuja leo ao kesho. Anyonye. Ikizidi, ao akikataa ziwa, murudi mbio."

Mke wangu alimtazama mama yake, nami nikaitazama sakafu. Koko alikaa, kiganja chake kikiwa juu ya paja la mtoto, kana kwamba anampima uzito upya. Kisha akakiondoa.

"Chomeni."

Mtoto akalia kwa nguvu, na koko akamkaripia muuguzi kwa Mashi, lugha ya kijijini kwao, maneno ambayo hakuna aliyejitolea kuyatafsiri.

Jioni homa ilikuja kidogo. Mtoto alinyonya, akalala, akanyonya tena. Koko alikaa karibu yake, kitambaa kimekunjwa mkononi, hakukichovya popote. Kulipokucha ngozi ilikuwa imepoa.

Wakati wa kuoga nilisimama mlangoni. Maji yalipita taratibu juu ya kidonda, kisha koko akakiacha kikauke hewani, bila kukigusa.

"Mutoto," akasema, akiwa amenipa mgongo, "ambia baba yako aongeze maji ya baridi. Na ile kitambaa, afutie viatu vyake. Viatu iko na matope tangu jana."