Niliyemwitikia kwenye Kompyuta ya Nane

Sikuwa nimekunywa kitu siku hiyo, wala sikuwa na homa. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza hayo mawili. Ilikuwa saa kumi alasiri, mvua inanyesha mjini Mbarara, na mimi niko peke yangu na kompyuta nane.

Ili unielewe, nikurudishe kwanza Kabazana, kituo tunakopokelewa sisi wakimbizi kabla ya kupewa viwanja kambini Nakivale. Pale majina husomwa kwenye orodha. Ukiitwa usipoitika, unarukwa. Basi sisi tuliotoka Kivu tulikuwa na utaratibu wetu: jirani yako akienda kuteka maji na jina lake likaitwa, wewe unapaza sauti, "Niko!" Mimi nilimwitikia Furaha, naye akaniitikia mimi. Mikeka yetu ilipakana. Undugu wetu ulianzia hapo.

Baadaye tulijifunza kompyuta pamoja, huko huko Nakivale, kisha tukawa tunafundisha wengine. Tulitumia kitu kinachoitwa kontena. Usifikirie lile sanduku la chuma la mizigo; hili ni kama chumba ndani ya kompyuta, chenye zana zote za kuandikia programu. Ukikifungua kinajengwa upya, ukikifunga kinabomolewa, haibaki hata nukta. Kukijenga kulitaka amri chungu nzima, na wanafunzi walizikosea kila siku. Furaha akachoka. Akazifunga amri zote ndani ya faili moja, skripti, ukiandika neno moja tu kazi yote inajifanya yenyewe. Na kwa utani wake akaipa tabia ya Kabazana: inaita jina la mwanafunzi, inangoja aandike "niko", ndipo inafungua mlango. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Furaha alikufa mwaka jana. Aliugua wiki ile ile niliyokuja Mbarara kuomba kazi. Kwenye zahanati moja waliita jina lake, hakuwa na nguvu za kuitika, na aliyekaa naye benchi hakumjua. Akarukwa. Nilirudi kumzika tu, na mpaka leo sijajisamehe.

Kazi niliipata, kwenye chuo kidogo cha kompyuta, lakini ya kujaribiwa. Mchana ule wa mvua bosi alisimama mlangoni na mwavuli wake.

"Nyabo, kesho saa tatu batu banakuja kusoma. Kompyuta yote nane lazima inafanya. Kama hapana, mimi natafuta mwingine."

Akaenda zake. Unaona? Nyabo, yaani mama. Mji mzima hakuna aliyejua jina langu. Wiki ikipita hujaitwa jina lako hata mara moja, niamini, unaanza kujitilia shaka.

Niliziwekea zote ile skripti ya Furaha, na saba ziliwaka vizuri. Ya nane ikagoma. Nikazima, nikawasha, nikakagua nyaya, nikaitukana kidogo. Ndipo nikasoma kioo vizuri. Haikuwa imegoma. Nilikuwa nimeinakilia orodha ya zamani ya majina ya Nakivale, nayo ilikuwa imeandika "Furaha?" na inangoja.

Mtu mwenye akili zake angelifuta lile jina. Mimi nilifanya nini? Vidole vilikwenda vyenyewe, kwa mazoea. Nikaandika: niko.

"Aksanti kuniitikia, dada. Nilienda kuteka mayi."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Alikuwa amesimama mlangoni na jerikeni ya njano, amevaa kitenge nilichomvika mwenyewe siku ya maziko. Mvua inamwagika nje, yeye mkavu.

"Fasi yangu ingali iko?"

Nilitaka kukimbia. Lakini nilikuwa nimemkumbuka mno, nikajibu, "Iko."

Akaja, akatua jerikeni, akaketi kwenye kiti cha nane. Alinitazama kama mtu mwenye swali, na swali lenyewe nalijua: siku ile ulikuwa wapi? Nikafumba macho nikaomba. Nilipofumbua, kiti kilikuwa kitupu, kompyuta imefunguka sawasawa, na sakafuni pana duara la maji, kiasi cha kitako cha jerikeni.

Jina lake nililifuta saa ile ile. Kesho yake zote nane zilifanya kazi, na bosi akaniandika kazi. Ila wanafunzi hawakikalii kile kiti. Wanasema kina unyevu. Bosi analaumu paa. Nimepanda mwenyewe kulitazama, halivuji.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Jumatatu iliyopita niliwasha ile ya nane, ikaita jina langu. Jina kamili, kama lilivyosomwa Kabazana. Halimo kwenye orodha yoyote pale, nimetafuta faili kwa faili. Na kabla sijagusa kitufe, jibu likajiandika: niko.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayenisoma: jina la marehemu likiitwa, nyamaza. Hata umkumbuke vipi, nyamaza. Furaha alikuwa mtu wa adabu, hukumfanyia jambo asikurudishie. Ameniitikia, amenishikia nafasi, hilo nina hakika nalo. Nisichokijua ni orodha ya wapi.