Kitabu cha Mama Anayerudi

Veronika wa Ikombe alikuwa na jibu la kila kitu. Chungu kikipasuka motoni, alikwambia kilipokosewa. Jirani akinuna, alikwambia kilichomnunisha. Mikono yake ilikuwa imefinyanga udongo tangu angali na meno ya utoto, na mdomo ulifanya kazi kuliko mikono. Basi mdomo huo ulikuja kufungwa na mtoto wa miaka mitano kwa swali moja tu: mama anarudi lini?

Mtoto mwenyewe ni Lusungu, binti wa Lucy, na Lucy ni mdogo wake Veronika, tumbo moja. Lucy aliolewa Busale kwa Andrea, mkulima wa mpunga, ila kila msimu wa kuchoma vyungu alirudi Ikombe na mwanawe, akae afinyange na dada yake. Msimu wa mwisho akashikwa na homa. Ikombe, kijiji cha ziwani kisicho na barabara, mgonjwa huondoka kwa mtumbwi, na asubuhi ile mtumbwi uliokuwa tayari ni ule wa sokoni, umekwisha kupangwa vyungu. Wakamlaza katikati ya vyungu hivyo, wakamfunika khanga. Lusungu alisimama mchangani akimpungia mkono, na Lucy akainua vidole.

Hakurudi. Alifia hospitali, na kwa kuwa mke huzikwa kwa mumewe, mwili ulikwenda Busale moja kwa moja. Watu wazima wakaenda msibani. Lusungu aliachwa kwa jirani, wakisema mtoto mdogo asione kaburi.

Veronika alipotoka matanga, macho yamevimba, mtoto alimpokea pale pale mchangani. "Mama mkubwa, mama yuko wapi?"

Hapo ndipo alipokosea, na tuseme wazi kwamba alikosea, ingawa wengi wetu tungekosea vilevile. Aliiona ile midomo midogo inaanza kutetemeka, akaogopa. Alikuwa ameshinda na kulala katika vilio vya watu, na alijua kwamba hiki kimoja hatakiweza.

"Amepeleka vyungu sokoni," akasema. "Soko la mbali."

Uongo huo ulikaa vizuri mno. Si mtoto alimwona mama yake kwa macho yake akiondoka kati ya vyungu? Tena kwa watu wa Ikombe mwanamke akitoka sokoni haji mikono mitupu; mtumbwi ukigusa mchanga, watoto huukimbilia, kila mmoja apokee chake kwa mama yake. Kwa hiyo kila siku ya soko Veronika alilazimika kushuka na kitu. Leo maandazi, kesho utepe wa nywele, siku nyingine ndala nyekundu. "Mama amekutumia." Lusungu alipokea kwa mikono miwili, akatazama nyuma ya Veronika ndani ya mtumbwi, akauliza lile swali lake.

Kisha akaacha kuuliza. Veronika alishukuru, akidhani mtoto amezoea. Kumbe mtoto alikuwa anazima taratibu. Aliacha kucheza, akaacha kusema, mwisho akaacha kula. Ukimwekea wali alitafuna tonge moja mpaka likapoa mdomoni. Mbavu zikaanza kuhesabika. Andrea, aliyekubali mtoto alelewe na mama mkubwa, alikuja kumwona, mtoto akamzunguka kutazama kama nyuma yake yupo mtu, na yule baba akaondoka siku hiyohiyo bila kumaliza chakula. Veronika alijaribu dawa, akajaribu maombi, na siku moja alijaribu kumgombeza, akaishia kulia yeye nyuma ya nyumba, khanga mdomoni.

"Atanifia huyu," alimwambia Mwalimu Georgina. "Mwalimu, mtoto wa marehemu atanifia mkononi."

Georgina alikuwa mtu wa Bukoba, aliyeletwa na kazi kufundisha watoto wa chekechea, binti mpole ambaye mpaka siku hizo mawimbi ya ziwa yalimtia kichefuchefu. "Mama, huyu mtoto ana mambo moyoni na hana maneno ya kuyatolea," akasema. "Kyela mjini kuna chumba cha kusomea cha kanisa. Wana vitabu vya picha vya watoto wadogo, vinavyofundisha huzuni ni nini, hasira ni nini. Twende ukachague."

"Kitabu kitamlisha?"

"Sijui, mama. Twende tu."

Wakaenda. Mtumbwi hadi Matema, gari hadi Kyela. Mtunza vitabu aliitwa Lameck, mzee aliyevaa tai hata kwenye joto la mji ule. "Mugonile," Veronika alimwamkia kwa heshima, na yule mzee, kwa furaha ya kuamkiwa hivyo, akawatandikia mkeka na kuwamwagia sanduku zima. Sharti lake lilikuwa moja: mtu mmoja, kitabu kimoja, mpaka akirudishe.

Veronika alipangusa mikono kwenye khanga, akaanza kuchambua kama anavyochambua udongo, akitupa upande huu na huu. Kitabu cha nyuso tupu, mtoto anacheka, mtoto amenuna, mtoto anaogopa. "Hiki hakina habari. Nyuso tu, ataziangalia afanyie nini?" Kitabu cha simba mwenye hasira. "Huyu atamtisha." Kitabu cha watoto wawili wanaogombania mpira. "Lusungu hagombani na mtu. Laiti angegombana."

Georgina akamwekea mbele kitabu chembamba cha njano. Kifaranga anatembea na mama yake, mwewe anashuka, kifaranga anabaki na shangazi kuku. Kuna ukurasa ambao kifaranga amefungua mdomo wote analia, na shangazi amemfunika kwa bawa. Veronika alifungua ukurasa wa mwisho, akarudi katikati, akaenda tena mwisho.

"Mama yake yuko wapi?"

"Amekufa, mama. Ndiyo hadithi yenyewe. Wanamwambia, analia, halafu wanakaa naye."

"Harudi hata mwishoni?"

"Harudi."

"Mwalimu, wewe hujazaa," alisema Veronika, na sauti ilikuwa kali kuliko alivyokusudia. Alikisukuma kile kitabu kwa kidole kama kitu cha moto. Akachukua kingine, kikubwa, jalada la bluu. Humo mama anasafiri, mtoto anabaki na bibi yake, mtoto ana huzuni, hataki kula. Kisha mtoto anagundua kwamba mama amesahau mwavuli wake nyumbani. Anaubeba mwavuli peke yake, anaupeleka stendi, na pale stendi mama anamkumbatia, wanarudi nyumbani chini ya mwavuli, na picha ya mwisho wote wanacheka meno nje.

Veronika alipitisha mkono juu ya picha ile ya mwisho. Machozi yalimdondoka kwenye karatasi, akayafuta haraka Mzee Lameck asione.

"Hiki."

"Mama," Georgina akasema polepole, "hiki kinamwambia kwamba atarudi."

"Kinamwambia ale. Nimesema hiki."

Mtoto ni wa kwake, mwalimu ni mgeni. Georgina alikubali shingo upande. Ila kile cha njano alikichukua kwa jina lake mwenyewe, akakitia mkobani. "Ndaga fijo," Veronika alimshukuru mzee, akakumbatia kitabu chake mpaka Ikombe asije akakilowesha.

Na wallahi kilifanya kazi. Siku ya kwanza Lusungu alikaa karibu. Siku zilizofuata akawa anakileta mwenyewe, anapanda mapajani kwa Veronika, anageuza kurasa kabla hajasomewa. Akaanza kula. Akaanza kusema pia, neno hapa na neno pale, na maneno yote yalikuwa ya kitabu: mwavuli, stendi, amesahau. Veronika aliwaambia majirani kwamba mwalimu ana akili, akasahau kueleza kwamba kitabu amechagua yeye. Usiku alilala. Alijiambia kwamba ukweli utasemwa mtoto akinenepa kidogo, akianza shule, akiota meno mapya. Siku zote ilipatikana siku nyingine ya mbele ya kuusema.

Sasa, kwenye kona ya nyumba ya Veronika kulikuwa na vyungu vya mwisho vya Lucy. Alivifinyanga wiki ile ya homa, na vilikuja kuchomwa yeye akiwa ameshaondoka. Ulivijua kwa ule mstari mwekundu aliozoea kuuzungusha shingoni. Hakuna aliyethubutu kuviuza. Veronika alivifuta vumbi, akavirudisha ukutani.

Mchana mmoja alitoka kwenye moto wa kuchomea, uso umejaa majivu, akaingia ndani kunywa maji, akaona kona iko tupu. Kwanza alidhani ni mwizi. Kisha akaona mfuo sakafuni, kitu kizito kimeburutwa hadi mlangoni. Akaufuata. Mfuo ulikatiza uani, ukashuka njia ya ziwani, na pembeni yake, mchangani, zilikuwa alama za ndala ndogo, zimekwenda na kurudi, zimekwenda na kurudi. Mwisho wa alama, pale ulipofungwa mtumbwi siku zote, hapakuwa na mtumbwi.

Mtumbwi ulikuwa majini. Ziwa pale Ikombe halikubembelezi. Hatua chache tu, na mguu haugusi chini. Upepo wa mlimani ulikuwa unausukuma mbele, na ndani yake, kati ya vyungu vya mama yake, amesimama Lusungu.

"Kaa chini! Lusungu, kaa chini!"

Mtoto aligeuka. Alipomwona Veronika, uso ukamchangamka, akainua mkono juu akampungia. Chungu kikabiringika, cha pili kikakifuata, mtumbwi ukalala upande.

Veronika alijitupa na khanga zake. Alikuwa mtoto wa ziwa, kuogelea alijua, lakini siku ile maji yalikuwa mazito kama udongo uliokandwa. Alipiga mkono, akapiga mkono, akimwita Mungu na kumwita Lucy kwa pumzi moja. Aliliona gauni likizama, akalikamata. Akamvuta mtoto kwa nywele, akamtia kwapani, akarudi naye akimeza maji, hadi magoti yake yakagusa kokoto.

Lusungu alikohoa, akatapika maji. Alipopata sauti, hakusema anaogopa.

"Vyungu! Mama mkubwa, vyungu vya mama!"

Kule nyuma vyungu vilikuwa vinajaa maji kimoja kimoja na kutoweka.

"Acha vyungu!"

"Alivisahau! Ndiyo maana harudi, hana cha kuuza!" Alikuwa anajipapatua kurudi majini. "Nilimpelekea. Kama mwavuli!"

Veronika alimshika mabega. Yale majibu yake yote aliyatafuta, na akaona limebaki moja tu, lile aliloliacha Kyela juu ya mkeka.

"Mama hauzi vyungu," akasema. "Lusungu, mama amekufa. Alikufa kwa ile homa. Tulimzika Busale, kwa baba."

Mtoto aliacha kujipapatua. "Hatarudi?"

"Hatarudi."

"Hata nikimpelekea vyungu vingine?"

"Hata ukimpelekea vingine, mwanangu."

Lusungu alitazama miguu yake. Ndala moja ilikuwa imekwenda na maji, nyingine imebaki. "Hii alinitumia nani?"

"Mimi."

"Na utepe?"

"Mimi. Vyote ni mimi."

Mtoto aliivua ile ndala, akamtupia Veronika kifuani. Kisha akafungua mdomo, na kile kilio ambacho Veronika alikikimbia tangu siku ya matanga kikatoka chote, kikasikika hadi kwenye nyumba za juu, wanawake wakaacha udongo wakashuka mbio. Veronika alinyoosha mikono amkumbatie. Lusungu aliisukuma.

Siku zilizofuata alilia kwa jirani, akala kwa jirani, akalala kwa jirani. Alikuwa anakula, na hilo Veronika alilishukuru, lakini yeye akipita uani kwa jirani, mtoto aligeuza uso. Kile kitabu cha bluu alikikuta kimesukumizwa chini ya mlango wake, jalada limekunjwa.

Georgina alikuja na kile cha njano. Hakusema "nilikwambia"; alikikabidhi tu, akaenda zake darasani. Veronika alikaa kizingitini, akakifungua magotini mwake, akaanza kusoma kwa sauti, peke yake, kama mwendawazimu. Kifaranga na mama yake. Mwewe. Alipofika kwenye mwewe akasikia nyayo. Hakuinua kichwa, aliendelea kusoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Lusungu alikuwa amesimama nyuma ya bega lake. Alinyoosha mkono, akarudisha kurasa hadi pale kifaranga analia chini ya bawa, akaziendeleza tena hadi mwisho, akitafuta. Mama kuku hakuwepo.

"Huyu naye walimwambia amekwenda sokoni?"

"Hapana," akasema Veronika. "Huyu walimwambia siku ileile."

Lusungu alikichukua kitabu mikononi mwake. Akaingia nacho ndani, akaketi peke yake kwenye ile kona iliyokuwa na vyungu vya mama yake, na Veronika akabaki kizingitini, hakuthubutu kumfuata.