Mwezi wa Siku Tano

Andualem alikuwa na mke mmoja, binti mmoja, na programu nne za simu. Mchana alifanya kazi katika kampuni ya bima pale Addis Ababa. Saa zilizobaki, pamoja na Jumapili nzima, alizitumikia hizo nne, ambazo alisema zitamfanya mtu huru. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu bwana alishika nne. Tena hakuona haya kuwafundisha vijana mtandaoni namna ya kugawa muda baina ya kazi na nyumba, huku mkewe Yeshimebet akila injera peke yake chumba cha pili.

Mgawo wake mwenyewe ulikuwa huu: katika miezi kumi na mitatu ya mwaka wa Kiethiopia, familia aliipa Pagume, ule wa mwisho wenye siku tano. Siku hizo kompyuta haitafunguliwa, aliapa. Miezi kumi na miwili ya siku thelathini thelathini akajiwekea yeye. Hata fisi akigawa nyama hawi na uso mkavu namna ile.

Soliana, binti yao wa miaka sita, hakuona dhuluma yoyote. Alitaka kitu kimoja tu. Siku ya tatu ya Pagume ni ya malaika Rufael. Mvua yake ina baraka, na watoto hutoka kuioga. Mwaka huu baba alikuwa ameahidi kuoga naye, na mtoto alikwisha kuwatangazia wenzake uani.

Sasa sikia ujinga wa mwerevu. Mojawapo ya programu zake mpya ilikuwa kalenda ya mifungo. Aliijenga juu ya kiunzi alichookota ughaibuni, chenye nafasi za miezi kumi na miwili, na kwa pupa yake hakuongeza wa kumi na tatu. Mwezi wa Nehase, ule wa kumi na mbili, ulipofika siku ya thelathini, kalenda ikaendelea tu: thelathini na moja, thelathini na mbili. Mwethiopia mzima akasahau Pagume, mwezi ule ule aliowaahidi watu wake.

Asubuhi ya Rufael malalamiko yakamwagika. Shemasi mmoja aliandika kumuuliza kama yeye ni Mkristo au mtalii. Andualem akafungua kompyuta, akasema ni nusu saa tu.

Saa nane mvua ikashuka. Soliana akasimama mlangoni na chupi yake na ndoo ya plastiki.

"Baba, imekuja."

"Nakuja, mama. Dakika tano."

"Andu, funga hicho kidude," Yeshimebet alisema kutoka jikoni. "Pagume yenyewe iko nje."

"Yeshi, watu wananitukana. Watu elfu tatu wananingoja."

"Na huyu hapa mlangoni ni wa ngapi?"

Andualem alikuwa anaandika.

Mama akajitolea kutoka na mtoto. Soliana akakataa, alisema anamngoja baba, na akamngoja mpaka mvua ikaanza kupungua. Uani, jirani yao Gashe Mulat, dereva wa lori mwenye kitambi asiyejua kompyuta inawashwa wapi, alikuwa na kaptura tu, akiwasukuma watoto mmoja mmoja chini ya maji ya bati.

"We binti, njoo," akamwita. "Au unangoja Rufael akuletee kadi ya mwaliko?"

Soliana akautazama mgongo wa baba yake. Kisha akaenda.

Andualem aliporudisha Pagume kwenye simu za watu elfu tatu, alivua shati na kutoka kifua wazi, akitabasamu. Jua lilikuwa linawaka. Watoto walikuwa barazani kwa Gashe Mulat, wamejifunika shuka nzito, wakitafuna kolo, shayiri ya kukaanga, na kucheka. Soliana alipomwona hakununa wala hakulia. Aliinuka, akamsogezea kigoda chake kwa mikono miwili.

"Karibu ukae, baba. Pole na kazi."

Akakaa, mkavu, bwege yule. Bakuli la kolo likaanzia kwake, maana mgeni hupewa kwanza.