Mama Bima na Mlango wa Vioo

Mtaa mzima ulimwita Mama Bima, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa wakala wa kampuni ya bima yenye ofisi karibu na kituo cha mafuta, ile ya milango ya vioo. Mdomo wake ulikuwa mtamu balaa. Ukikutana naye dukani umeshika sabuni, kabla hujalipa ameshakuuliza, "Na moto ukizuka kwako, jirani, utaanzia wapi?" Watu walicheka, wakamkimbia, halafu wakamfuata wenyewe. Ndivyo alivyomkatia bima fundi cherehani wa mtaani, na mume wa dada yake mkubwa, aliyekuwa na tanuri la mikate. Hata mama yake mzazi alimshawishi akaweka kiinua mgongo chake chote kwenye kampuni hiyo, ili alipwe kidogo kidogo kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake.

Mwaka ule mto ulivunja kingo. Maji yaliingia madukani yakatoka na kila kitu. Tanuri la shemeji lilipasuka, na vyerehani vya fundi vikajaa matope hadi kwenye sindano. Mama Bima alivaa mabuti akapita mlango kwa mlango, akipiga picha na kuwapa watu pole.

"Msiwe na wasiwasi," aliwaambia. "Bima ni kwa ajili ya siku kama hii. Mtalipwa."

Alisema kwa moyo mweupe, maana aliamini.

Fidia haikutoka. Jumatatu moja meneja akawaita mawakala kwenye chumba cha mikutano, akafunga mlango na kuujaribu kama umefungika.

"Sisi tunawakatia watu bima," alianza, "na sisi wenyewe tumekatiwa bima na kampuni kubwa ya ng'ambo. Janga likitushinda, wao ndio wanaobeba. Sasa mwaka huu kumekuwa na mafuriko huku, misitu inaungua kule, kimbunga kwingine. Kila mtu amewaendea wao kwa mpigo. Wamezidiwa, wamesimamisha malipo."

Wakala mmoja akacheka. "Kwa hiyo bima yetu nayo imepata ajali?"

Meneja hakucheka. Alieleza kwamba akiba ya kampuni ilikuwa kwenye hati za dhamana, yaani pesa ilizoikopesha serikali, na bei ya hati hizo imeanguka. Kuziuza sasa ni sawa na kuzitupa. "Mkiulizwa, semeni mtandao unasumbua. Habari hizi zikivuja, wenye bima za maisha watakuja wote siku moja kuvunja bima zao na kudai chao. Hapo tumekwisha, na hao wanaodai wamekwisha pia."

Mama Bima alitoka akiyapima maneno hayo. Akisema, anaiangusha kampuni pamoja na mama yake. Akinyamaza, anawadanganya watu aliowaapia. Siku zilizofuata alipita njia za nyuma ya nyumba kama mwizi. Simu ikilia, anaiacha ilie. Dada yake alipopiga, alijibu, "Mtandao, dada, mtandao unasumbua," kisha akazima simu.

Ijumaa asubuhi habari zilikuwa zimeshavuja. Alipofika ofisini kwa mlango wa nyuma, alipishana na meneja anatoka na mkoba. "Naenda kikaoni," meneja alisema bila kumtazama usoni. Ndani alikuta karani mmoja amejificha chini ya kaunta, na mlinzi ameegemea milango ya vioo kwa mgongo. Nje watu walikuwa wamefurika mpaka barabarani. Vioo vilikuwa vinatikisika. Mbele kabisa, uso umebanwa kwenye kioo, alikuwa shemeji yake.

"Wakisukuma tena, hiki kioo kitawakata," mlinzi alisema. "Watu watakufa hapa, mama."

Mama Bima akasema, "Fungua."

"Una wazimu?"

"Fungua, kaka, kabla sijabadili mawazo."

Mlinzi alipofungua, kelele zilimpiga Mama Bima kama upepo. Aliongea kwa sauti iliyokwaruza, akaeleza yote: kampuni ya ng'ambo, hati zilizoanguka bei, fidia iliyokwama.

Shemeji akamkatiza. "Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Na ukamwambia mke wangu ni mtandao?"

Kiatu kilirushwa, kikampiga Mama Bima begani. Akafunga macho akingoja kingine.

"Mwacheni aseme!" fundi cherehani alipiga kelele. "Tukimuua, nani atatuambia?"

"Mama yangu pia yumo," alitamka, machozi yakimtoka. "Kiinua mgongo chake chote. Mkivunja bima zenu leo hakuna hela, si zenu wala zake."

"Basi mmelaaniwa ukoo mzima!" mtu akapaza sauti, na wachache wakacheka, kicheko cha uchungu. Hawakuondoka. Ila waliacha kusukuma, wakakaa chini palepale juani.

Adhuhuri walikuja maofisa wa mamlaka ya bima, wakaiweka kampuni chini ya usimamizi na kuzuia mtu yeyote kuvunja bima kwa muda. Mwaka uliofuata kampuni nyingine iliichukua. Waliofurikiwa walipata nusu ya fidia, kwa mafungu. Shemeji alijenga tanuri dogo. Dada yake alikaa miezi mingi bila kumsemesha, na siku alipompigia tena, aliuliza tu hali ya mama. Mama bado analipwa, ingawa kiasi kimepunguzwa, na hajui ni kwa nini bintiye humuuliza kila mwisho wa mwezi kama pesa imeingia.

Mama Bima sasa amekaa kwenye kaunta ya kampuni mpya. Hakatii tena majirani zake bima. Redio ikitangaza kimbunga katika nchi ambayo hata jina lake linamshinda kutamka, yeye huacha alichoshika, akaongeza sauti, akasikiliza mpaka mwisho.