Bibi wa Shoka wa Mjambere

Juzi nilikwenda soko la Kongowea kununua ndizi mbichi na viatu vya mitumba vya mwanangu, nikarudi nyumbani bila ndizi wala viatu. Pembeni mwa muuza viatu kijana mmoja alikuwa ametandaza vitabu vikuukuu juu ya turubai, na katikati ya vitabu vya hesabu na vya mapishi kilikuwapo kimoja chenye jalada la kijani: mwanamke ameinua shoka, na nyuma yake ukuta unawaka moto. Nilikaa palepale chini, kwenye vumbi na maganda ya machungwa, watu wakiniruka na vikapu vyao. Huenda wewe nawe, rafiki yangu, una kitabu kilichokulea. Mimi changu kilinilea, kisha kikanifanya nimwage damu ya mtu.

Nilikulia Mjambere kwa bibi mzaa mama. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na machimbo ambako zamani walikata mawe ya kujengea, mpaka yakaisha, wakaliacha shimo wazi na kuta zake nyeupe. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Mwalimu. Alikuwa amestaafu, asili yake mtu wa Mji wa Kale, kanzu yake nyeupe hata siku ya kufagia kibanda cha kuku, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata akikutukana ulitamani aendelee. Kabatini mwake alikuwa na riwaya tatu nene za Kiingereza za mwandishi mmoja wa zamani, habari za falme ambazo hazikuwako duniani na vita visivyokwisha. Kila alasiri, sisi tukitoka chuoni kusoma Kurani, alikaa barazani akafungua kitabu, macho yakiwa kwenye Kiingereza na ulimi ukitusomea kwa Kiswahili.

Bibi hakupenda hata chembe. Alisema mtoto akihadithiwa mchana huota mkia, na kwa muda mrefu tulikuwa tukirudi nyumbani tukijipapasa kwa siri. Lakini hatukuacha kwenda. Jirani wa Mwalimu alikuwa mama muuza bhajia, na harufu ya dengu na pilipili ilipotufikia barazani, na kinu cha mtu kikigonga huko nyuma, basi ufalme wote wa mwandishi yule ulinuka bhajia. Mpaka leo nikisoma habari za vita natamani chatne ya ukwaju.

Mwalimu alituletea mambo mpaka mlangoni petu. Mbwa mwitu aliwafanya fisi. Theluji alisema ni kama barafu ya muuza samaki, ila imemwagwa nchi nzima, nasi tukawahurumia watu wale kwa harufu. Alikuwapo Mfalme Asiyelala, aliyemuua ndugu yake kitandani na tangu siku hiyo usingizi ukamkimbia. Alikuwapo Bibi wa Shoka, mkata kuni aliyekabidhiwa ulinzi wa mji wenye malango saba, akapigana mpaka mpini wa shoka ukaota alama za vidole vyake. Na alikuwapo Mfungua Lango, mlinzi mdogo kuliko wote, ambaye mji ulipozingirwa aliwafungulia adui, kwa kuwa mama yake alikuwa ameachwa nje ya ukuta. Mwandishi yule hakumuumba mtu mbaya tu wala mwema tu. Kila mtu wake alikuwa na jambo lililomuuma. Hilo naliona sasa. Wakati ule tuliona damu, na damu tuliipenda.

Usitushangae. Mtaa wenyewe ulitufundisha. Vijana wenye mapanga walipita kwa makundi, wakamkata muuza maji bega kwa ajili ya simu. Mwizi mmoja alishikwa karibu na stendi akapigwa mawe na watu tuliokuwa tukiwaamkia shikamoo, na sisi watoto tukapenya katikati ya miguu tukaona yote. Jioni yake tulikula wali kama kawaida. Kwa hiyo tulipoanza kuigiza riwaya machimboni, hatukuhitaji kufundishwa namna ya kupiga.

Mimi nilikuwa Bibi wa Shoka. Hakuna aliyenichagua, nilijichagua, kwa kuwa nilikuwa na mkono mzito na mdomo mkali zaidi. Watoto wa mtaa wa juu ndio waliokuwa wavamizi. Tulipigana kwa manati, kwa fimbo, kwa mawe ya ukubwa wa limau, na kila wiki kulikuwa na jino lililotoka au kichwa kilichopasuka. Wazazi walidhani tunaanguka tu.

Kazi ya Mfungua Lango hakuna aliyeitaka, ila mvulana mmoja. Huyu alikuwa mtoto wa mama muuza mbaazi za nazi, watu wa Kaloleni kwa asili, Wakristo, hivyo hakuwa na chuo cha kwenda, na kila alasiri tulimkuta ametangulia kwenye ngazi ya Mwalimu. Asubuhi ndiye aliyempelekea Mwalimu mbaazi na mahamri. Alikuwa msikilizaji kutushinda sote. Mlinzi yule mdogo alipofungua lango tulizomea, naye akageuza uso akalia. Tangu siku hiyo tukamwita Mfungua Lango, barazani na njiani.

Kitabu cha tatu kilikuwa karibu kuisha. Mfungua Lango wa kitabuni ameletwa mbele ya Bibi wa Shoka, mikono imefungwa kamba, imelazwa juu ya gogo, na mji mzima unangoja. Mwalimu akafunga kitabu. Tulimlilia aendelee, akakataa, akatuambia neno alilotuambia kila siku.

“Hadithi ina mwenyewe. Aloianza ndiye amalizaye.”

Hiyo ilikuwa sheria yake. Mtu aliyesikia mbele hana ruhusa ya kumhadithia mwenzake, na mwenye hadithi akichelewa, atangojewa. Usiku ule ule Mwalimu akapooza upande mmoja. Tuliambiwa tusiende kumsumbua, ulimi wake ulikuwa mzito. Mwanawe alikuja kutoka Nairobi kumuuguza, akakuta kabati limejaa mchwa na karatasi, akampa mama muuza bhajia vile vitabu vyote afungie bhajia. Hakuwa mtu mbaya, aliona anasafisha nyumba.

Ndivyo tulivyoanza kuula ule ufalme. Leo unapata kipande cha vita, kesho kipande cha harusi ya Mfalme, kimelowa mafuta. Nilikuwa nikijua Kiingereza kidogo kuliko nilivyojidai, lakini kuliko wenzangu nilijua. Siku moja nikafungua bhajia zangu nikaona jina la Bibi wa Shoka, na mstari wa mwisho wa ukurasa ukasema kwamba aliliinua shoka, akalishusha kwa nguvu zake zote. Nikawatafsiria wenzangu. Tukakubaliana: msaliti amekufa.

“Haijesha hiyo,” akasema mtoto wa muuza mbaazi.

Tulimcheka. Tulijua siku zote anamtetea msaliti wake.

Haikupita wiki mbili, wavamizi wakatuvamia kwelikweli. Tulikuwa na njia yetu ya siri ya kushukia machimboni, kupitia nyuma ya choo cha msikiti, na wao walitungojea kwa chini, kumi na wawili. Walitupiga vibaya. Jiwe lilinichana nyusi, kovu lake hili hapa, damu ikaniziba jicho, nikasikia mkono wa mwenzangu ukivunjika, na mlio ule sijausahau. Tulipotoka tulijua kuna mtu aliyeonyesha njia. Mtoto wa muuza mbaazi hakukana. Alisema walikuwa wamemshika dadake mdogo, wamemning'iniza ukingoni mwa shimo kwa mkono mmoja, wakamuuliza njia iko wapi.

Rafiki yangu, nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko sala. Walikuwa na dadake. Mtoto wa miaka minne. Na mimi, niliyesikiliza vitabu vitatu kasoro kurasa chache kuhusu mlinzi aliyefungua lango kwa ajili ya mama yake, sikuliona lililokuwa mbele ya macho yangu. Nilisema sheria ni sheria.

Hukumu ilikuwa kesho yake, alasiri, saa ileile ya Mwalimu. Niliiba panga la bibi la kuchanjia kuni. Tulimfunga mikono kwa kamba ya katani, na tofali la mawe lililobaki machimboni likawa gogo letu. Wenzangu saba walisimama duara. Hakuna aliyemlazimisha, alipiga magoti mwenyewe, akaweka mikono juu ya jiwe, akaitanua mpaka kamba ikakaza katikati ya viganja. Nilidhani ananidharau. Alinitazama usoni bila woga, karibu atabasamu, na hilo ndilo lililonipandisha hasira, maana mimi nilitaka alie. Bendeji ilikuwa imenifunika jicho moja. Nikainua panga, nikafumba na hilo jingine, nikalishusha kwa nguvu zangu zote.

Hakupiga kelele upesi. Alitazama kwanza, kama mtu anayesoma. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto na cha kando yake vilikuwa juu ya jiwe, na yeye alikuwa nyuma ya jiwe. Kisha ndipo akalia, na wenzangu wote wakakimbia, wakaniacha. Nilivua mtandio wangu nikaufunga mkono wake, nikikazana, damu ikipita. Nilikuwa nikisema samahani, samahani, bila kupumua. Nilimpandisha mgongoni mpaka kwa mama yake, naye njia nzima aliniambia neno moja tu, ninyamaze, yeye atasema.

Akasema. Alisema alikuwa akifua nazi kwa panga likamteleza. Mama yake akaamini, mganga wa zahanati akaamini, na mimi niliyelowa damu nikashukuriwa kwa kumbeba. Mama yule alinipa sahani ya mbaazi. Niliila, kwa kuwa kukataa kungezua maswali.

Bibi peke yake hakudanganyika. Aliliona panga lake limeoshwa, na mimi sikuwa mtoto wa kuosha chombo bila kusukumwa. Hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru. Alisema tu, “Nilihofia mkia, kumbe waota meno,” na Jumamosi yake akanipeleka Jomvu Kuu kwa shangazi, nikamalizia huko shule na utoto wangu. Mwalimu alikufa kabla ya Ramadhani. Hata mazishi sikuwahi.

Sasa nenda Mjambere ukatafute baraza ile uone. Pana ghorofa la vyumba vya kupangisha, la rangi ya maziwa, na madirisha ya alumini. Machimbo yamefukiwa kwa takataka, juu yake wameweka sehemu ya kuoshea pikipiki. Mama wa bhajia yuko kwa mwanawe Malindi, na bhajia siku hizi hufungwa kwenye karatasi za mitihani ya watoto. Ninavyovililia si vitu vile hasa. Namlilia mtoto mmoja aliyekuwa akisikiliza, ambaye sikumwona.

Kitabu kile cha Kongowea, ndicho kile cha tatu, nilikinunua bila kupatana bei. Nilikisomea palepale, nimekaa vumbini, nikatafuta ukurasa ule, nikafungua unaoufuata. Kisha nikapanda tuktuk kwenda Ziwa la Ng'ombe, ambako niliambiwa ndiko aliko yule mtoto wa muuza mbaazi.

Ni kinyozi. Ana kibanda kizuri chenye vioo viwili na feni. Nilimkuta akimnyoa mtoto, ameshika mashine kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto wenye vidole vitatu amemshika mtoto kisogo, taratibu, na mtoto anasinzia. Alinitambua kwa kovu. Akasema karibu, akaniomba ningoje amalize.

Mtoto alipoondoka nikakaa kwenye kiti chake. Nikafungua kitabu tu, nikamsomea kama Mwalimu alivyokuwa akisoma, macho kwenye Kiingereza. Bibi wa Shoka aliliinua shoka, akalishusha kwa nguvu zake zote, likaikata kamba. Mikono ya mlinzi ikaachana. Bibi wa Shoka akamwambia aondoke akamtafute mama yake, kisha akaligeukia gogo akaliacha shoka limekwama humo, na hakulishika tena mpaka mwisho wa kitabu.

Alikuwa akifagia nywele. Aliendelea kufagia mpaka akamaliza.

“Naujua,” akasema. “Mwalimu alinimalizia.”

Akaniambia kwamba asubuhi alizokuwa akipeleka mbaazi, Mwalimu alimweka kando ya kitanda akamhadithia mwisho, siku sita nzima, kwa kuwa ulimi haukuwa ukitii. Akamwapisha asiuseme. Mwenyewe angepona, angetumalizia sote.

Nilimuuliza kwa nini hakusema, hata siku ile, hata panga lilipokuwa juu.

“Hadithi haikuwa yangu.” Akaitazama ile mikono yake, mmoja kisha mwingine. “Na wewe nalikujua. Nikainyosha kamba upate kuikata vizuri. Nalidhani wewe huhitaji kusomewa mwisho.”